Jina Lako Kwenye Chupa

Baba,

Kuna kitu sijamwambia mtu yeyote. Lebo ya lile dumu la bluu haikubanduka yenyewe. Niliibandua mimi, kwa kisu chako cha kukatia ngozi, nikaikunja nikaiingiza kwenye mkoba wako ambao hukuumaliza, ule unaoning'inia juu ya cherehani. Nilijua hakuna atakayethubutu kuugusa.

Naandika nikiwa huku juu karakana, kwenye kigoda chako. Ni Ijumaa, wanaume wameenda msikitini, Kariakoo imepunguza kelele kidogo. Mama yuko chini dukani na Zuhura muuzaji. Nawasikia wanasogeza viti.

Duka usingelijua tena. Baba Mdogo Idi amelipaka rangi nyeusi, kaweka vioo na taa za kumulika. Mikoba sasa inakaa mmoja mmoja kwenye rafu, kama inasubiri kupigwa picha. Na tunauza pafyumu, Baba. Yaani leo ndiyo tunaanza.

Unakumbuka ile dawa ya harufu uliyokuwa unapaka kitone kimoja kwenye bitana ili mkoba usinuke gundi? Ndiyo hiyo hiyo. Wateja walikuwa wanafungua mkoba na kunusa kabla hata hawajauliza bei. Baba Mdogo akasema, "Shemeji, hawa hawanunui mkoba, wananunua harufu! Tuwauzie harufu yenyewe." Mama akamjibu, "Idi, wewe hata kivuli cha duka ungekipata kwenye mfuko ungekiuza." Lakini alikubali. Baba Mdogo akaleta dumu zima kutoka duka lile lile ulilokuwa unanunua vikopo vyako, akatafuta spiriti ya kuizimulia, akaagiza chupa nzuri. Kila chupa ina jina lako kwa maandishi ya dhahabu. Fundi Athumani.

Ulinipeleka shule ya Kiingereza na kila kopo jipya la gundi au rangi likija ulikuwa unanikalisha hapa. "Karani wangu, soma. Soma yote, hata zile herufi za chini. Mambo yenyewe wanayaweka huko." Nilikuwa nakusomea polepole kwa Kiswahili, wewe unapiga nta uzi, hukunikatisha hata mara moja. Mbele yako sauti yangu ilikuwa inatoka.

Siku dumu lilipofika, Baba Mdogo aliniita mbele ya watu. Alikuwepo muuza chupa, na dada mmoja wa kupiga picha. "Msomi wetu huyo! Hebu tuambie, wanasemaje hapo?" Nikasoma kimya kimya. Juu waliandika liwekwe mbali na jua na moto. Chini, kwa herufi ndogo: ni ya mikoba na viatu tu, isipakwe mwilini, ikiingia machoni inaharibu macho.

Nikainua kichwa. Mama alikuwa anacheka, Baba. Mara ya kwanza tangu arobaini yako. Ameshika chupa ya mfano, anapitisha kidole kwenye jina lako.

Nikasema, "Inasema iwekwe mbali na jua."

Wakapiga makofi.

Nilijiambia nitamweleza Mama jioni. Jioni nikasema kesho. Halafu nikaanza kuogopa kwamba mtu mwingine ataisoma na kuuliza kwa nini nilinyamaza. Ndipo nikachukua kisu.

Tangu hapo nyumba imekuwa na harufu moja tu. Iko kwenye wali, iko kwenye mto wangu. Kanzu yako nilikuwa naivuta kabatini nikikukumbuka, siku hizi hata yenyewe inanuka dumu. Paka hapandi tena huku juu. Juzi tone moja lilianguka kwenye meza ya dukani, asubuhi nikakuta vanishi imebabuka, duara dogo, mbao nyeupe inaonekana. Baba Mdogo akaweka chombo cha maua juu yake.

Na Zuhura. Amekuwa akijipaka kila siku ili wateja waisikie. Kwanza alikuwa anajikuna tu. "Joto la Dar hili, mdogo wangu, mwaka huu limezidi." Sasa anafunga mtandio hadi kidevuni. Jana ulimteleza akiwa anafagia, nikaona shingo. Imeiva, Baba. Imekuwa nyeusi pembeni na katikati inatoa maji. Akaniona ninavyomwangalia, akacheka, akaufunga tena.

Nilipanda huku juu bila kumwambia. Hata hapo.

Leo baada ya Alasiri majirani wote wanakuja. Mama ameutoa kabatini mrashi wa Bibi, ule wa shaba wenye shingo ndefu wa kunyunyizia wageni marashi ya waridi siku za maulidi na harusi. Leo hauna waridi. Baba Mdogo kasema, "Kila anayeingia aingie ananukia fundi." Mama atasimama mlangoni na kumnyunyizia kila mgeni, kichwani, mikononi, usoni, kama alivyofundishwa na Bibi. Wanakuja na watoto wao. Watoto ndio huwa wanainua uso wenyewe na kufumbua macho kutazama matone yanavyoanguka. Na mimi nilikuwa hivyo, unakumbuka? Wewe ndiye ulikuwa unaniziba macho kwa kiganja.

Watu watasema ni mkono wako. Jina ni lako.

Nimeushusha mkoba. Nisamehe, nimefumua mishono yako mitatu, kwa sababu lebo ilikuwa imeteleza ndani ya bitana. Hii hapa mezani. Imekunjamana ila inasomeka yote.

Muda si mrefu uliopita Mama aliita kutoka chini, "Nikishajaza mrashi nakuja kukunyunyizia wewe kwanza. Wewe ndiye damu ya fundi." Sasa nasikia kandambili zake kwenye ngazi. Anapanda taratibu, ili usimwagike.

Kila barua niliyokuandikia nimeisukuma chini ya mto wa kigoda nikisikia hatua. Hii naiacha mezani, imeelekea mlangoni, na lebo juu yake. Kama sauti itanikimbia, atasoma mwenyewe hapa. Kama haitanikimbia nitamsomea kwa Kiswahili, polepole, kama nilivyokuwa nakusomea wewe, na sitaishia kwenye maandishi ya juu. Kisha nitashuka nimsomee Zuhura, na Baba Mdogo akirudi nitamsomea mbele ya watu wote.

Mama hatacheka tena leo. Najua.

Lala salama, Baba. Mishono yako nitairudisha kwa mkono wangu, kwa uzi ule ule uliouacha.

Kandambili zimefika juu. Sijafunika kitu.

Karani wako,
Saumu