Mama Anabeba Vyuma

Kaka yangu mpendwa,

Salamu zikufikie wewe, wifi na mtoto. Sisi huku hatujambo, na safari hii usidhani ni desturi tu ya barua. Mama hajambo kweli.

Unakumbuka alivyokuwa: kutoka jikoni mpaka kwenye kamba ya nguo alisimama njiani, mkono kiunoni, akisingizia kutazama mawingu. Daktari wake akamtia katika kikundi cha mazoezi hospitalini. Alirudi amenuna, akisema ameomba dawa ya pumzi amepewa vyuma, utani ambao hata shemeji hathubutu.

Lakini alikwenda. Mwalimu wao, mwanamke mfupi wanayemwita Bi Chuma, alimwanzisha kwa kuinua chupa za maji, kisha kuketi na kusimama bila kushika kiti, ndipo vyuma. Alimweleza kwamba misuli ikipata nguvu, moyo na mapafu hayahangaiki sana, ila asije akaacha vidonge vyake. Wiki za mwanzo nilimkanda mapaja huku akinilaumu kana kwamba mazoezi nimeyabuni mimi. Sasa anadeki huku anaimba. Juzi alisogeza kabati peke yake, tukagombana.

Siku moja nilimpelekea sweta alilosahau. Chumba chao cha mazoezi kimo ndani ya kliniki ya wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Mama aliniona nikisoma kibao mlangoni. Jioni, tukimenya viazi, akaniambia kwamba anaishi navyo tangu Baba angali hai, na kwamba vile vidonge tulivyodhani ni vya presha kumbe ni vya kufubaza virusi.

Kaka, najua uliondoka hapa na kinyongo, ukisema Mama hamtaki mwanao kwa sababu hakumpakata hata mara moja. Nilimuuliza kama aliogopa kumwambukiza. Akasema hapana.

“Daktari alishaniambia mtoto haambukizwi kwa kupakatwa. Nilichoogopa ni ninyi. Siku ambayo mngejua, mngekaa mkikumbuka kila mahali nilipomgusa.”

Nikaendelea kumenya huku nalia, naye akaniambia viazi bado havijafika hatua ya kutiwa chumvi. Tukacheka, kisha tukalia wote wawili.

Ameniruhusu nikuandikie haya, maana yeye kila akishika kalamu machozi yanamtangulia. Anakuja kwenu Jumamosi, ukikubali. Nimemwambia mnakaa ghorofa ya nne na lifti ni mbovu. Akajibu kwamba kumbe ndiyo vizuri. Ameomba jambo moja tu: usishuke kumpokea mzigo. Anataka kupanda nao mwenyewe, polepole, na hata ukimsikia anahema, mwache apande. Wewe msubiri juu, mlango wazi, na mtoto mikononi, umkabidhi kabla hajaketi.

Wifi mpe mkono wangu. Nawaombea uzima wote mliomo humo ndani.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba