Droo ya Bawaba Yenye Komeo

Dukani kwa Baba,
Mtaa wa Sokoni.
14 Machi.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Wifi na watoto hawajambo? Mguu wako umepona au bado unajidekeza? Sisi tu wazima. Mama anakusalimu, ila anadai sauti yako kwenye simu imekonda.

Barua yako niliipata. Unataka Baba afunge duka apumzike, kwa kuwa macho hayaoni tena. Kusema kweli, hata mimi nilitaka akae nyumbani. Nilishapatana na seremala aje ang'oe ule ukuta wa droo tuweke rafu za vioo, niuze mwenyewe.

Unazikumbuka zile droo? Babu alipofungua duka hakujua kusoma, basi nje ya kila droo alipigilia kitu kilichomo ndani: skrubu, kitasa, bawaba. Shuleni walitucheka kwamba duka letu limevaa hereni. Miaka hamsini na miwili, Kaka, nusu ya milango ya mji huu imetoka mle. Baba alisoma, lakini hakubandika hata karatasi moja.

Jumatatu seremala alikuja na nyundo yake. Kabla hajaanza akakumbuka anahitaji bawaba za inchi tatu. Baba akainuka, akapapasa droo moja baada ya nyingine mpaka ile yenye komeo nje, akamhesabia bawaba sita. Mimi mwenye macho mawili nilikuwa bado natafuta. Seremala akairudisha nyundo mkobani bila kuambiwa na mtu.

Komeo lile ulilipigilia wewe, siku ulipotumwa urudishie bawaba iliyong'oka nje ya droo, na akili yako yote ilikuwa mpirani. Miaka thelathini droo inasema uongo. Nikaona heri nirekebishe hilo tu, nikashika koleo. Baba akanishika mkono.

"Liache," akasema. "Nikiligusa hilo, najua nimefika kwa mwanangu."

Nilikwenda stoo nikalia, sikufichi.

Kwa hiyo duka halifungwi. Nami usiniandikie tena habari za kupumzika. Panda gari uje usimame hapa kaunta, Baba akuguse wewe mwenyewe, si komeo.

Nisalimie wifi na wale watundu wako. Mola akutunze, akulainishie njia ya kurudi.

Ni mimi dada yako mdogo,
nikupendaye hata ukikosea droo.