Milango Iliyojazwa Mchanga

Reshetylivka,
Mkoa wa Poltava,
9 Machi 2025

Mpendwa mdogo wangu Motrya,

Pokea salamu za nyumba nzima. U hali gani huko Braga? Mgongo umepoa? Na yule bibi unayemtunza, bado anakugombeza kwa Kireno kama mtoto wake? Sisi huku tunavuta pumzi tu. Theluji imeyeyuka na ua wote ni matope. Mama yetu hajatoka kitandani tangu Krismasi, lakini anakula, na masikio yake yanasikia kila kitu.

Ndiyo sababu nilikukatia simu Jumatano uliponiuliza mwanangu Lavrin alikufa vipi. Mama alikuwa upande wa pili wa ukuta, naye bado hajui. Usinikasirikie. Nimeona bora nikuandikie, na barua hii nitampa dereva wa basi dogo linaloleta vifurushi huko kwenu.

Unakumbuka alivyojivunia lile gari la deraya la Kimarekani, Bredli. Picha alikutumia na wewe. Oktoba lilikanyaga bomu la ardhini. Mnyororo wake wa kutembelea ulikatika, magurudumu yakaruka shambani, lakini waliokuwemo ndani walishuka kwa miguu yao. Lavrin masikio yalimlia wiki nzima, basi. Mama yake, Yivha, aliwasha mshumaa kanisani kwa ajili ya watu wa Marekani waliolitengeneza, ingawa hajui hata mmoja wao.

Shida ya gari lile ni kwamba likiumia haliponi upesi. Vipuri vinatoka mbali, na kazi kubwa hufanyiwa nje ya nchi. Walilipakia kwenye treni likaenda zake. Baada ya Mwaka Mpya wakampa Lavrin BMP, gari la deraya la Kisovieti, aina ileile niliyoendesha mimi nilipopelekwa Afghanistan nikiwa na miaka kumi na tisa.

Alinipigia simu siku hiyohiyo, anacheka.

"Baba, wamenitoa hotelini wamenitia kwenye banda la kuku!"

"Vumilia, mwanangu. Kuku yule nimemlea miaka miwili. Injini inawaka?"

"Inawaka. Ikigoma naipiga nyundo, inatii. Lakini watu nyuma wanakaa wamekunjika, magoti kidevuni."

Nilimwambia asicheke, anisikilize. Motrya, wewe hujaliona kwa ndani. Chuma chake ni chembamba, risasi nzito zinapenya ubavuni. Na ile milango miwili ya nyuma, ambayo askari hutokea, ndani ina uwazi, na humo ndimo wanamotia dizeli. Mtu anatoka kupitia tangi la mafuta! Kule Afghanistan niliona yaliyowapata wenzangu, sitaki kuyaandika. Tulijifunza kumwaga dizeli yote ya milangoni na kujaza mchanga.

"Jaza mchanga, Lavrin. Leo hii."

"Kamanda ataniuliza mchanga wa nini."

"Mwambie una baba mzee kichaa."

"Hilo analijua." Akaacha kucheka. "Na mimi huku mbele je, baba?"

Dereva wa BMP anakaa mbele kushoto, kando ya mnyororo, na chini yake hakuna kitu cha maana. Nilimwambia alaze magunia ya mchanga sakafuni, chini ya miguu. Baada ya siku mbili alinipigia akasema milango ameijaza, ila magunia yamemshinda. Miguu haiingii. Alikuwa na miguu mirefu ya marehemu baba yetu.

Ilipofika katikati ya Februari, askari wanne wa kikosi chao walikwama ng'ambo ya kijito, wawili wamejeruhiwa. Kulikuwa na Bredli nyingine mbili nzima kabisa, lakini daraja la pale lilikuwa limeliwa na mizinga, na gari lile ni zito kuliko BMP mara mbili. Lingeanguka majini pamoja na daraja. Gari pekee la kupita pale lilikuwa banda la kuku. Lavrin hakusubiri kuulizwa.

Aliwafikia. Akawapakia wote wanne, akageuza, akavuka daraja tena. Wakiwa upande wetu tayari, mnyororo wa kushoto ukakanyaga bomu. Mwanangu alikufa palepale, hakuteseka. Hilo naliamini, kwa sababu najua pale alipokaa.

Yaliyofuata alikuja kutuambia mmoja wa wale wanne. Anaitwa Tymish, kijana wa Sumy. Alikuja wiki jana kwa magongo, akasimama getini anaona haya kuingia. Yivha akamvuta mkono, akamkalisha mezani kwenye jiko la uani, mama asisikie, akampakulia supu ya borshi.

"Alikuwa amekula siku ile?" Yivha alimuuliza, kabla ya lolote.

"Alikula, mama. Hata sisi alitukatia salo yake ya nguruwe kabla hatujaondoka. Alisema kama tuna nguvu za kulia tuna nguvu za kutafuna."

Ni maneno yake kabisa.

Tymish akanigeukia. Alisema bomu liliposimamisha gari, wakiwa bado wanajipapasa gizani mle ndani, ikaja droni ikapiga mlango wa nyuma. "Mzee, chuma kilipasuka, mchanga ukatumwagikia usoni. Nilidhani nimeshafukiwa. Kumbe nilikuwa hai. Ingekuwa dizeli..." Akarudi kwenye borshi yake.

Walitoka wote wanne, na mpiga mzinga, na kamanda wa gari.

Yivha aliweka mwiko chini. Kisha akaniambia mbele ya mgeni, "Kwa hiyo mchanga wako umewaokoa watoto wa wenzetu." Hakunilaumu, wala hakunisifu. Aliinuka akaenda kumwongezea Tymish borshi. Tangu siku ile halali chumbani kwetu, analala na mama.

Uliniuliza kwenye simu kama lile gari la Kimarekani lingemwokoa. Huenda. Lilishamwokoa mara moja. Waliolichora walimfikiria mtu aliye ndani. Waliochora letu walifikiri watu wapo tele. Lakini Bredli isingepita daraja lile, na Tymish asingekula mezani kwangu. Nimeyazungusha haya kichwani mpaka nimechoka, Motrya, na sipati jibu ninaloweza kulalia.

Mwili bado uko Dnipro. Nimetoa damu yangu wailinganishe na yake, tunasubiri karatasi. Usikate tiketi kwanza, nitakuambia siku ya mazishi. Kaburi tumechagua karibu na baba.

Mama nitamwambia Jumapili ijayo, baba paroko atakuwepo. Kila asubuhi anauliza kama Lavrin amepiga simu, nami nasema mtandao mbovu. Jana hakuuliza simu. Alinishika mkono wa shati, akasema, "Panas, siku hizi yuko kwenye gari gani?" Nikamjibu, "La Kimarekani, mama." Akaniachia, akageukia ukutani, akalala kama mtoto. Ukipiga kabla ya Jumapili naye akakuuliza, mwambie hivyohivyo.

Yivha anakusalimu. Jirani Odarka anakusalimu, ndiye anayetukamulia ng'ombe siku hizi. Nisalimie shemeji Zenoviy na umbusu mwanao Marta kwa niaba yangu. Mungu akufunike huko uliko, akurudishe nyumbani ukiwa mzima.

Ni mimi kaka yako, mwenye kukupenda sana,
Panas