Dawa ya Ng'ombe kwa Paka

Mama Yudith,

Nimemkimbiza paka kwa daktari wa mifugo. Asubuhi nimemkuta anatetemeka, mate yanamchuruzika. Bibi kaniambia jana alimwona anajikuna mpaka vidonda, akamwonea huruma, akampaka ile dawa ya kuogeshea ng'ombe. Na paka si unamjua, kutwa kujilamba! Nimemwosha kwa sabuni, kanikwaruza mpaka mkono wangu umebaki kama ramani ya Kilolo. Ila naogopa kweli, alikuwa hanitazami.

Blanketi lake mtu asilishike, ukilifua vaa glavu. Bibi yuko chumbani analia. Usimfokee, mpe chai.

Yudith akitoka shule akamuulizia, ~~mwambie amepona~~ mwambie niko naye.

Baba Yudith