Wiki ya Tatu ya Dawa

Baba Zuhura,

Leo nimemaliza dawa za kifua kikuu. Miezi sita imetimia, makohozi safi. Nimeona nikwambie wewe kwanza.

Ulipozikwa nilikuwa tayari nakohoa. Nikakaa eda hapahapa Mkange na homa kila jioni, nguo zinanipwaya. Kaka yako akasema mwenye eda hatoki. Shangazi yako Mwanahawa ndiye aliyesimama: "Eda haimkatazi mgonjwa kutibiwa. Vaa, twende." Kituo cha afya wakanipima, nikakutwa na yote mawili, kifua kikuu na virusi vya Ukimwi, kama wewe.

Nilianza na dawa za kifua kikuu. Baada ya wiki mbili wakaniongezea za kufubaza virusi. Wiki ya tatu tangu niongezewe, tezi za shingo zikavimba, homa ikarudi kali kuliko mwanzo. Nikakukumbuka umekaa kitandani, umeshika shingo: "Mama Zuhura, dawa hizi ndizo zinaniua." Ukazitupa chooni zote. Nami nikanyamaza, maana nilikuamini.

Hata mimi nilizibeba kwenda kuzitupa. Nikakuta Zuhura yumo humo anaoga. Nikasimama nje nikimsubiri, na katika kusubiri nikasema, ngoja kwanza nikaulize.

Muuguzi akanipapasa shingo, akamwita daktari. Wakanipima tena, wakaniambia: "Dawa hazikudhuru. Kinga yako imepata nguvu, sasa inapigana na kifua kikuu, ndiyo maana umevimba. Usiache hata kidonge." Wakanipa ya kutuliza uvimbe. Siku chache baadaye nikaweza kumeza ugali.

Nikamuuliza muuguzi, mbona mume wangu hakuambiwa? Akainamisha kichwa. Akasema siku uliyoanzishiwa dawa foleni ilikuwa ndefu.

Nilikasirika, Baba Zuhura. Nikamkasirikia yeye, nikakukasirikia wewe, nikajikasirikia na mimi niliyenyamaza.

Sasa siku za kliniki huniita nikae na wanaoanza dawa. Nawaambia, mkizidiwa njooni, msiamue peke yenu nyumbani. Za virusi naendelea nazo, hizo ni za maisha.

Zuhura amepimwa, hana virusi, na amemaliza dawa za kumkinga na kifua kikuu. Anauliza ulikufa na nini. Kaka yako kamwambia ulirogwa.

Pumzika, mume wangu. Mungu akusamehe, anisamehe na mimi. Nakuahidi, mtoto akifika umri wa kuelewa nitamweleza mwenyewe, bila kukuaibisha: baba yake alikuwa ameanza kupona, ila hakujua.

Mkeo,
Mama Zuhura