Pia, Gololi na Sayari Iliyolala Ubavu

Jumatatu, 18 Agosti 2025

Mkuu wa shule, Mwalimu Bartolomayo, kaniita ofisini. Nilidhani nimepoteza faili. Afadhali ingekuwa faili! Mwalimu wa Fizikia anaumwa mgongo, harudi karibuni, na Kidato cha Nne wana mtihani Novemba. Mkuu anasema: Ruthu, digrii ya fizikia unayo, utafundisha Alhamisi mbele yangu. Ukiweza, kipindi ni chako mpaka apone. Usipoweza, urudi kwenye fotokopi.

Mimi! Karani ninayeogopa hata simu ikilia. Nimesema sawa kwa sababu hapana haikutoka.

Mada: kwa nini sayari huzunguka zimeinama.

Jumanne, 19 Agosti

Nimesoma mpaka chai imepoa. Uranusi imelala ubavu kabisa! Huenda gimba kubwa liliigonga zamani. Na Dunia nayo — huenda iligongwa, mabaki yakawa Mwezi, na pigo hilohilo likatuinamisha. Bila mwinamo, jua lisingehama kusini na kurudi, na mvua yetu ya Desemba isingefuata. Babu kule Hombolo analima zabibu kwa hisani ya ajali! Nimecheka peke yangu.

Kisha nikakumbuka Alhamisi.

Mwantum wa uhasibu — Mnyamwezi, mtani wangu — anasema atakuja kuniona mimi Mgogo nikizimia.

Alhamisi, 21 Agosti

Jamani!

Niliingia na pia ya kuchezea niliyonunua sokoni Majengo, ndiyo sayari, na gololi ya kuigonga. Nikazungusha pia, nikarusha gololi — pia chali! Mudrick wa dawati la mbele: "Mwalimu, umeua sayari!" Darasa zima kicheko. Mkuu akaandika kitu. Nilikuwa naangalia mlango, nitoke.

Mlangoni kulikuwa na Mwantum. "Wagogo hamjui kulenga! Ndiyo maana fisi wanawamalizia mbuzi."

Mtani haachiwi neno la mwisho. Hofu ikanitoka, sijui ilikwenda wapi. "Wewe Mnyamwezi! Babu zako walipita Ugogo na mizigo, hawakunywa maji bila kutoa hongo, ushuru wa kupita. Umeingia nchini kwangu, lipa! Njoo uzungushe pia."

Kumbe alikuwa bingwa wa pia kule Tabora! Pia ikavuma kama nyuki. Nikarusha gololi, ikaigusa — pia ikayumba, ikainama, ikaendelea kuzunguka. Imeinama na haianguki! Wanafunzi wakasimama juu ya viti. Nikasema huenda Uranusi ilikuwa hivyo. Mkuu akauliza, mbona unasema huenda? Nikajibu hakuna aliyekuwepo. Tunachoona ni mwinamo tu, na wengine wanadhani mwezi wake mmoja uliivuta polepole. Sikujua nina sauti kubwa hivyo.

Mkuu: "Tutaona kesho." Basi. Lakini wanafunzi wameniamkia langoni: shikamoo mwalimu. Jana nilikuwa dada karani!

Ijumaa, 22 Agosti

Mkaguzi wa elimu amefika bila taarifa. Anataka kuona Fizikia, Kidato cha Nne, sasa hivi. Mkuu kasimama hapa mezani, ananiuliza kwa sauti ya chini: nimwambie mwalimu anaumwa, au utaingia wewe? Mwantum ananing'ong'a kwa nyuma. Naandika nimesimama ili mikono ipate kazi. Mkaguzi kachungulia, kauliza darasa liko wapi — na nimesikia mdomo wangu: "Shikamoo. Twende, darasa ni langu —"