Fimbo za Gofu Zilizopimwa Kasense

Kasense,
S.L.P. 1127,
Sumbawanga.
14 Juni 1996

Mpendwa mdogo wangu Kasimiri,

Hamjambo hapo Tanga, wewe na shemeji Fransiska na watoto? Kifua chako kimetulia? Mimi mwili mzima, ila baridi ya Ufipa mwezi huu inaingia mpaka mifupani, na nyumba ya mtu mmoja haipati joto upesi.

Najua nimekaa kimya tangu tumzike mke wangu Otilia, mwaka jana mwezi wa pili. Barua zako tatu nilizipata.

Tangu shirika la mkonge litupunguze kazi, nawe ukabaki huko na duka lako, nimekuwa nikicheza gofu peke yangu kwenye malisho ya Masalu, jirani yangu Msukuma. Watu wananicheka, eti mzee Eustaki anachunga kimpira. Nilitumia zile fimbo alizotuachia meneja wa mkonge, tulizochezea pamoja huko, lakini mbili zilikatika na bega likaanza kuuma.

Nikampelekea vipande Baltazari, fundi wa majembe, nikidhani ataviunga tu. Akavitazama, kisha akanitazama mimi.

“Mwenyewe alikuwa mrefu?”

“Kunizidi kichwa kizima.”

“Ndiyo maana bega lako limepanda. Hebu simama. Siyo kama uko kanisani, simama kama unapiga.”

Akanipima kwa kamba kutoka kifundo cha mkono hadi chini, nikiwa na viatu vyangu. Akanikunjua vidole kimoja kimoja, akavizungusha kwenye mpini ili ajue unene. Kasimiri, tangu watu watawanyike msibani hakuna aliyenishika mkono zaidi ya salamu. Machozi yakanilenga. Baltazari aliona, akainamia kamba yake, akapima upya alichokwisha kukipima.

Baada ya siku tisa nikachukua fimbo nne: vichwa vya chuma cha springi ya lori, mipini ya mninga. Hazing'ai, ila zimenikaa sawasawa. Asubuhi yake nikaenda malishoni. Pigo la kwanza, mpira uliruka na kunyooka kuliko miaka yangu yote. Nikageuka niseme, “Umeona?” Nyuma yangu walikuwa ng'ombe tu.

Jina lililokuwa mdomoni si la Otilia. Yeye gofu hakuipenda. Lilikuwa lako.

Nilikukasirikia, mdogo wangu, kwa kutokuja kumzika. Nilijua ulikuwa umelazwa, na barabara zetu za masika nazijua. Lakini hasira ilinipa mtu wa kuzungumza naye moyoni, nikaing'ang'ania. Nisamehe.

Sasa ni kiangazi, mabasi yanafika bila kukwama. Njoo, hata kwa wiki mbili. Maharage ya mwaka huu yamekubali, na chumba cha pili nimekipiga chokaa.

Nisalimie Fransiska, Jenifer na Basil. Binti yangu Rhoda, aliyeko Mbeya, aliniandikia Pasaka akakuulizia. Mungu akupe pumzi ya kutosha safari.

Kaka yako asiyeacha kukupenda,
Eustaki